Jani la Isale kwa Shamba la Yatima

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Ng'ombe amezaa, mvua bado tunaisubiri. Ila moyo wangu hautulii, na swali lako la chuoni limeuchokoza zaidi.

Unauliza kama mahakama ya huko Uingereza haikumwonea yule mlezi wa mali ya yatima. Mwenye ardhi alikataa kumpangisha mtoto tena, mlezi akaichukua mwenyewe, jaji akaamuru iwe ya mtoto.

Nilipokuwa msichana, baba yangu alimshikia binti wa marehemu kaka yake shamba la mpunga la kukodi, kule Chekereni. Muda ulipokwisha, mwenye shamba akamwambia, "Kwa mtoto sikodishi tena. Chukua wewe."

Baba akarudi anacheka. Mama akamuuliza, "Ungejua wewe huwezi kulipata, ungemwombea mtoto mara moja tu?"

 Asubuhi baba alikata jani la isale, lile letu la kuombea radhi, ambalo mtu akiletewa huona vigumu kukataa. Akashuka nalo Chekereni kwa mwenye shamba, na shamba likabaki la binti.

Sasa baba yako ndiye anayewashikia watoto wa marehemu mdogo wake. Shamba lao la kukodi Mabogini wamenyimwa, naye anataka kulichukua. Jana nilimuuliza amewaombea mara ngapi. Akawasha pikipiki, akaondoka.

Mpigie simu leo, mwanangu. Isale nimeshamkatia. Liko mezani, linaanza kunyauka.

Bibi yako