Kamyo ya Volti Sita Itamuleta Papa Yako

Kwako Furaha, mutoto wangu wa kwanza, pale Kibabi,

Uko muzima? Watoto wanakula? Kikohozi ya ule mudogo ilipona? Sisi hapa Kashebere tungali tunapumua. Mimi nasema, mama katekista anaandika. Ukikuta neno kali, njo yangu, si yake.

Habari ya papa yako iko mubaya. Miguu imekufa, chakula anarudisha. Kwa hospitali walisema hakuna dawa yenye imebakia. Anaomba kitu kimoja tu: alale kwako, kwa kilima penye alizaliwa. Tulijaribu moto, ile pikipiki, tukamufunga kati ya dereva na mimi. Mbele ya kufika kwa daraja akazirai, tukamurudisha.

Unakumbuka ile kamyo, lori ya zamani papa yako alikuwa anaendesha, tulikimbia nayo vita? Ingali nyuma ya kanisa, majani imeota mupaka kwa siti. Mwenye kamyo alisema: "Kama inawaka, mumupeleke." Fundi Jules akaleta betri ya volti kumi na mbili, ya magari ya leo. Honi ililia sawa ngombe yenye wanachinja, ampuli zote za taa zikaungua. Papa yako akasikia toka ndani ya nyumba, akapiga kelele:

"Toa hiyo! Ile ni volti sita! Munaiua mbele ya mimi kufa!"

Betri kubwa ya sita, hapa hakuna mutu iko nayo. Lakini moto ya zamani ya katekista inatumia kabetri kadogo ka volti sita, sawa kipande ya sabuni. Jules akacheka: "Haka katazungusha mashini gani?"

Papa yako akaomba tumubebe na kiti, tumuweke karibu.

"Hakatazungusha kitu. Kenyewe ni ka kutoa cheche kwa bujii, zile plagi, tu. Kuzungusha ni manivele, ile chuma ya mbele, na mikono yenu. Jules, kidole gumba usikifunge juu yake, ikirudi nyuma itakuvunja."

Wakazungusha, wakapokezana, jasho inatiririka. Papa yako akaniangalia.

"Mama Furaha, unanitafutia kamyo ao unanifukuza?"

"Nakufukuza. Umenichosha toka unioe."

Akacheka, kisha akalia. Mimi sikulia, nilikuwa nashika kiti.

Halafu ikakohoa, ikatapika moshi mweusi, ikawaka. Papa yako akaweka mukono juu ya boneti, akafunga macho. "Silinda moja imelala," akasema. "Lakini itafika."

Kesho kukipambazuka tunatoka. Huyu wa moto mwenye kuleta barua anatutangulia. Taa haziko tena, lazima tufike mbele ya giza. Jules anakuja nasi, lakini manivele ilimupiga, mukono wake umevimba. Basi kwa mupando ya mwisho ya kilima musijaze barabara na nyimbo na salamu. Mashini ikizima pale, nani atazungusha? Mutuache tupite mupaka kwa mulango.

Salimia bwana yako. Salimia shangazi yako mwenye kuuza maziwa. Na ule ndugu ya papa yako tuligombana juu ya shamba, umwambie aje, sitamufukuza.

Uliniletea neno kwamba wazee wanauliza kama wachimbe. Hapana, mwanangu. Mutu anakuja akipumua, hatumupokei na shimo. Tandika kitanda karibu ya dirisha, chemsha maziwa.

Ni mimi mama yako, ningali na mafuta ya kamyo kwa kucha.