Goti la Mama na Saa za Mwalimu

Alhamisi, Februari. Theluji ya juzi imeyeyuka na kuwa matope, soksi zangu zimelowa tangu asubuhi, na nimelia kituo cha basi mbele za watu. Ila sina huzuni. Shajara, kaa vizuri nikusimulie.

Nianze na aibu. Mtihani wa kemia ya kaboni nimepata thelathini na nane kwa mia. Mimi, niliyekuwa nawafundisha wenzangu kemia kule shuleni Singida! Na somo hili ndilo mlango wa udaktari. Ukishindwa hapo, hakuna wa kukufungulia. Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kuliacha bila kubaki na doa kwenye matokeo. Fomu nilishaijaza. Ilibaki kubonyeza tu.

Kilichonizuia ni Mama.

Mama ni mhudumu wa wodi ya wazazi. Anadeki, anabeba maji ya moto, anawashika mikono wanaojifungua mara ya kwanza. Tangu nilipopata nafasi ya kuja kusoma Toronto, hajaniita tena jina langu. Ananiita Daktari. Kila Jumapili ananitumia ujumbe wa sauti: "Daktari, shikamoo." Eti mama mzazi ananiamkia mimi! Anacheka, kisha anataja ugonjwa. Goti. Wiki nyingine bega. Wiki nyingine macho yanatoa machozi bila kilio. Nami nakimbilia vitabu, namjibu kwa ufupi kama daktari kweli: Mama, pumzisha mguu, usibebe ndoo. Halafu narudi kusoma. Maabara Jumatatu, ripoti Jumatano, na katikati yake kazi ya kupanga vitabu maktaba. Sijawahi kumuuliza amepika nini.

Mtu wa hivyo ningemwambiaje kwamba Daktari kafeli?

Jana nikamwonyesha fomu Wambui, Mkenya ninayeishi naye chumba kimoja huku mtaa wa Jane na Finch. Akaniuliza mwalimu alisemaje nilipomwendea. Nikamwambia sijawahi kumwendea. Kwenye karatasi ya somo imeandikwa yuko ofisini Jumanne na Alhamisi, saa nne hadi saa tano. Sasa mtu yuko ofisini kwake, ana kazi zake, mimi nikamsumbue? Tena saa hizo huwa napita korido ya nyuma, nisije nikaonekana nazurura mlangoni kwake.

"Wee Siwema!" Wambui akashika kichwa. "Hizo saa ni zetu! Anakaa hapo akitungoja. Mimi huenda kila wiki, hata nikikosa swali."

Miezi mitano. Miezi mitano nimekuwa nikimkimbia mtu anayenisubiri. Lakini ningejuaje? Shuleni kwetu hakuna aliyejipeleka ofisi ya walimu. Unaitwa, na ukiitwa, ujue umekwisha.

Basi leo saa nne nikabisha hodi. Nikaingia, nikasimama wima, mikono nyuma, macho chini, kama niliyekamatwa na simu bwenini. Mwalimu, mzee wa watu mwenye sweta lililotoboka kiwiko, akaniuliza kama mgongo unaniuma. Kisha akanisogezea kiti. Akasema ananifahamu: nakaa mstari wa mbele kila siku na sijawahi kuja. Alidhani simpendi.

Simpendi! Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukapitia karatasi yangu swali kwa swali. Kumbe ile mishale ya kuonyesha elektroni zinakoelekea naichora kinyume. Mshale unaanzia zilipo elektroni. Mimi nauanzisha kule zinakokwenda. Kosa moja tu, likanifuata kurasa zote. Hakuniahidi kwamba nitafaulu. Alisema niende tena Jumanne.

Nikatoka, nikampigia Mama pale pale kituo cha basi kabla ujasiri haujapoa. Kwao ilikuwa jioni, nilisikia sufuria.

"Daktari, shikamoo!"

"Mama, usiniamkie. Nimefeli mtihani."

Nikamwaga yote: alama, fomu, korido ya nyuma. Nilipofika pale mwalimu aliponiuliza kama mgongo unaniuma, Mama akacheka mpaka akakohoa. Halafu akaniita.

"Siwema."

Miaka miwili sijalisikia jina langu kwa sauti ile. Hapo ndipo nilipolia.

"Siwema mwanangu, mimi goti haliniumi."

"Na bega?"

"Bega nalo zima. Macho ndiyo kidogo, moshi wa kuni. Mimi nilisema, mtoto yuko kwenye masomo magumu, nimtafute nimwambie nini? Nikiwa na ugonjwa angalau nina sababu. Umekula?"

Basi likaja, nikaliacha lipite. La pili nalo hivyo hivyo.

Kumbe na Mama anapita korido ya nyuma, na mlango anaoukwepa ni wangu.

Fomu nimeifuta. Naweza kufeli tena, najua, ila safari hii nitakuwa nimeuliza. Na Mama nimempangia saa zake: kila Jumapili, saa nne asubuhi ya huku, saa kumi na mbili jioni ya kwao. Nikamwambia nitakuwa nimekaa namsubiri, apige hata kama haumwi popote, na shikamoo yake asinipe tena.

Akafikiri kidogo. "Sasa hili goti nije nalo, au niliache nyumbani?"

Leo Alhamisi. Jumapili ni mtondo. Mbali kweli.