Kodi Isiyo na Tiketi

Bellevue, Johannesburg
3 Oktoba 2010

Kwa mjomba wangu Duni,

Assalaam aleikum. Natumai barua hii itakukuta mguu umepoa na sukari imeshuka, na mama naye kifua kimemwachia. Sisi huku wazima. Baridi imekwisha, sasa ni mvua za mawe.

Mjomba, maneno uliyomtuma Bakiri, mwenzetu wa huku, aniletee yameniuma. Kwamba nilimwahidi mama mabati kabla ya mvua, halafu naleta pesa pungufu. Kwamba mkataba niliokutumia umeuona kwa macho yako, umeandikwa rand elfu tisa, sasa zinazobaki namlisha mwanamke gani. Sina mwanamke, mjomba. Elfu tisa ni ya kwenye karatasi, mkononi sijawahi kuishika. Serikali ya huku haikungoji uende kulipa, inakula kabla yako. Kila mwezi inakata mia saba na sitini na tano, kodi ya mshahara, na tisini nyingine inakwenda kwenye mfuko wa watu watakaokosa kazi. Mimi napata elfu nane na kidogo, na hapo bado chumba, umeme na tumbo.

Anayeandika mishahara ni François, Mkongo wa Uvira, yule aliyeniombea kazi hii ya kuendesha gari la nyama. Tunakaa ua mmoja, na mkewe Marthe huniwekea sombe, kisamvu chao, nikichelewa. Ni mtu mzuri. Anasema kila mwenye mshahara anakatwa, na anayepata kikubwa anakatwa kikubwa, hata bosi.

Mwambie mama mabati yatakuja.

Mpwa wako,
Othmani


Buyenzi, Bujumbura
28 Oktoba 2010

Mpwa wangu Othmani,

Wa aleikum salaam. Mguu haujapoa na sukari haina adabu. Mama yako anaamka salama, ila analala katikati ya mabeseni kwa sababu paa linavuja kila upande. Nimeanza na hilo ujue naandika nikiwa na hasira.

Mimi nimekusanya ushuru wa soko hapa tangu hujazaliwa. Kodi unataka kunifundisha mimi? Kodi inakuja na tiketi. Muuza samaki ananipa pesa, namchania tiketi palepale, anaifunga kwenye pindo la kanga, yamekwisha. Asiye na tiketi hajalipa. Na anayepokea bila kuchana tiketi, huyo anaiba. Sasa mtu anakukata mwezi hadi mwezi, anakwambia ni serikali, na wewe unaitikia kama maiti anayeoshwa. Tiketi umeiona? Au sombe imekuziba macho?

Nilikuwa na kijana chini yangu, anapokea hachani. Sikumpeleka polisi. Nilimsimamisha katikati ya wauza dagaa nikamzaba kofi moja, damu ikamtoka puani, mwenyewe akachomoa vitabu vya tiketi kwenye soksi. Kofi moja, mbele za watu. Mwizi wa ushuru haogopi Mungu wala jela, anaogopa aibu. Jioni tulikunywa chai pamoja, na mpaka leo ananiamkia.

Mdai huyo Mkongo tiketi. Kuuliza si ujinga.

Mjomba wako,
Duni


Bellevue
20 Novemba 2010

Kwa mjomba Duni,

Salamu nyingi, na pole kwa mguu. Nimepokea barua yako, nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa kitandani.

Nilimuuliza François. Nilimkuta uani anaosha kiti cha mtoto wake, nikamwambia nataka risiti za kodi yangu, zote. Alicheka, mjomba. Si kwa dharau, lakini alicheka. Akasema karatasi hiyo ipo ila haitoki kila mwezi, inatoka mara moja, mwaka wa kodi ukiisha, na mwaka wa kodi huku unaisha Februari. Baada ya hapo wanajumlisha, wanahakiki, kila mfanyakazi anapelekewa yake kwa posta kama Mei hivi. Nikamwuliza ni mwaka gani huo unaoisha Februari. Akaniambia, hiyo ndiyo serikali yao, mimi nifanyeje?

Nikakubali. Lakini usiku ulipita mrefu. Wiki iliyopita kaingiza makochi mapya ndani. Na kazini wakata nyama wameanza kunong'ona kwamba huyu mgeni aliyewekwa juu ya pesa zao anazitafuna. Mimi nilipakia nyama yangu nikaondoka. Na mimi ni mgeni, kwa tusi lao ni kwerekwere kama yeye, na mwaka 2008 nilikaa siku nzima juu ya dari ya nyumba hii hii nikisikia wanavyompiga fundi viatu wa jirani mpaka akanyamaza. Watu wa huku nawajua.

Mpwa wako,
Othmani


Buyenzi
7 Desemba 2010

Othmani,

Salamu zitakuja siku nyingine. Paa limedondoka upande wa jikoni. Mama yako ameumia bega, yuko kwangu.

Mwaka unaoisha Februari! Na Ramadhani yao inaanza lini, Jumanne? Miaka thelathini nimesikia uongo wa kila aina pale sokoni, lakini huo ni mpya, mpe hongera. Mtu anakucheka usoni, ananunua makochi, na wewe umelala unahesabu boriti. Baba yako angekuwa hai angelia.

Sikukutuma ukaue mtu. Nimekwambia kofi moja, mbele za watu. Atatoa.

Mjomba wako


Turffontein
23 Desemba 2010

Mjomba,

Mimi mzima. Mama mwambie hivyo tu, mzima. Niko kwa Bakiri huku Turffontein, sitoki nje.

Siku ya bonasi ilikuwa Ijumaa iliyopita. Kampuni inatoa mshahara mwingine mzima wa mwezi kabla ya Krismasi. Wote tulikuwa na hesabu zetu, na mimi hesabu yangu ilikuwa mabati. Tukapewa karatasi. Bonasi yangu imekatwa elfu moja mia sita na ishirini, mbali na yale makato ya kila mwezi. Kila mtu yake imemegwa. Watu wakajaa mbele ya chumba cha baridi, wengine bado na visu na aproni za damu, wakamwita François ateremke kutoka ofisini juu. Na aliteremka, mjomba. Angeweza kujifungia. Alikuja na kalamu yake sikioni, akaanza kueleza kwamba bonasi nayo ni mapato, inaongezwa juu ya mshahara wa mwaka, na haina ule msamaha mdogo ambao mshahara wa kawaida unapata, ndiyo maana inakatwa zaidi.

Nikapita mbele. Nikamwuliza kwa Kiingereza, kwa sauti, ili wote wasikie: tiketi iko wapi? Akaniambia kwa Kiswahili, pole pole, "Othmani ndugu yangu, si hapa. Nitakuonyesha nyumbani."

Si hapa. Nikaona ndiyo hiyo aibu uliyoniambia, imekaribia. Nikamzaba kofi.

Kalamu ikaruka. Nikawa nangoja, mjomba, nangoja atoe. Badala yake mmoja nyuma yangu akasema, mmeona, hata ndugu yake anajua kwamba ni mwizi. Wa kwanza alimpiga kwa ubao wa kupangia mizigo, shingoni. Alipopiga magoti wakaja wengi. Walimpiga kwa mabuti, kwa chuma cha kufungia mlango wa gari langu. Mmoja alikuwa na ile kulabu ya kuning'inizia ng'ombe, akamtia begani akamburura hadi kwenye mfereji wa damu. Nilipiga kelele basi, inatosha, inatosha. Nikamshika mmoja mkono, nikapigwa kiwiko cha sikio, na sikio hilo mpaka sasa linalia. Halafu nilikimbia. Nilijifungia ndani ya gari nikawatazama kupitia kioo. Alikuwa akiita jina langu, au la Marthe, sikusikia vizuri.

Bakiri anasema amelazwa hospitali. Hajui zaidi, na mimi naogopa kumtuma tena.

Othmani


Buyenzi
15 Januari 2011

Mwanangu Othmani,

Nakusalimu. Mama yako anakusalimu, bega linapona. Hajui kitu.

Barua yako nimeichoma. Na wewe ukiwa na barua zangu zichome. Sikiliza vizuri. Kofi halijawahi kuua mtu. Mimi nilisema kofi, sikusema ubao, sikusema kulabu. Waliofanya ni wengine na wana sura zao, polisi wawatafute hao. Wewe hukuwepo. Kama ulikuwepo, ulikuwa ndani ya gari. Huyo Mkongo akipona atatoa mwenyewe alichokula, akifa ni siku yake imefika. Usiende kwenye ua ule, usiende hospitali, usimtafute mkewe. Hamia mji mwingine. Mabati tuache kwanza.

Huku kwetu ukimpiga mtu kofi, watu wanakushika mkono. Watu gani hao wa huko, ambao wakiona kofi wanachukua mbao? Najiuliza usiku kucha. Kama amepona, niandikie neno hilo moja tu.

Mjomba wako,
Duni


Bellevue
19 Juni 2011

Kwa mjomba Duni,

Assalaam aleikum. Nisamehe kimya cha miezi yote hii. Uliniomba neno moja, na sikuwa nalo. François alikufa siku mbili baadaye, Jumapili. Habari nilizipata Januari, nikaendelea kujificha, kama ulivyoniambia, nikiosha magari kule Turffontein karibu na uwanja wa mbio za farasi.

Wiki iliyopita Marthe alimpa Bakiri ujumbe: kuna bahasha yangu, imekuja kwa posta. Bakiri alinikataza. Nikaenda. Nilimkuta amekonda, kitambaa cheusi kichwani, yale makochi hayapo, kayauza kusafirisha maiti Uvira. Akanipa bahasha. Ni ya kodi, mjomba. Jina langu, namba yangu, mshahara wangu tangu Julai, bonasi, na kodi yote iliyokatwa, elfu saba mia saba na arobaini. Nilipiga hesabu hapo hapo kwenye ngazi. Haijapungua hata senti. Nikaenda ofisi ya kodi mjini, nikapanga foleni asubuhi nzima, dada wa dirishani akatazama kwenye mashine akasema ndiyo, zote zimefika, mwezi kwa mwezi. Watu wa kazini nao wamepata zao.

Nikarudi kwa Marthe. Watatu wako rumande kwa ajili ya mumewe, wakata nyama, na kesi bado. Jina langu halimo popote. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia, nikashindwa. Akaniwekea sahani. Nikamwambia sili, Marthe, mimi ndiye niliyempiga wa kwanza.

Akasema, "Minajua. Alinipasha habari mbele ya kufa. Alisema nisikutaje, maana uko na mama anakutegemea."

Nikamwuliza kwa nini basi alikaa kimya miezi sita hata baada ya kumzika. Akasema alikuwa anangoja kama nitakuja mwenyewe.

Mjomba, kosa ni langu, mkono ni wangu. Lakini hujawahi kuniuliza François alikuwa na watoto wangapi. Ni wawili, na wa pili hajaanza kutembea. Kesho tunakwenda kituo cha polisi, mimi na Marthe, nikaeleze kofi na kila nilichokiona kupitia kioo, na kila mtu niliyemtambua. Wanaweza kunifunga. Wanaweza kunirudisha Burundi. Na wale walioko nje wakisikia nimewataja, sijui kama nitafika huko kwenye kesi.

Usimsomee mama barua hii. Mkalishe, mwambie kwa mdomo wako, na mwambie nani alinifundisha.

Mpwa wako,
Othmani