Gari la Fausti Linamfuata Bibi

Jumatatu, 4 Agosti
Friji nimezima tena. Gari la mwanangu Fausti linakula kwanza. Waya unapita dirishani, mbu wanapita hapo hapo, na mimi nalala kwa raha zangu. Hakuna mama mwingine hapa Katindiuka, wala Ifakara nzima, mwenye gari la umeme uani. Halina moshi, halina kelele. Kutoka Dar kaja kwa siku tatu, maana vituo vya kuchajia vimebaki huko huko. Kuanzia Morogoro alikuwa anaomba umeme kwenye gesti. Jirani yangu Mama Deo kauliza mbona kijana kachelewa. Nikamwambia ana marafiki wengi njiani.

Jumanne, 5 Agosti
Dada Filomena kapiga simu kutoka Masagati. Mama pumzi inambana, miguu imevimba. Nesi wa zahanati kasema aletwe hospitali huku Ifakara haraka. Filo kamtafutia nafasi kwenye lori la mpunga mpaka Mlimba, halafu treni. Nimekataa. Mama yangu akalie magunia wakati mjukuu wake ana gari? Tunamfuata kesho.
"Hilo la kuchaji kama simu?" kauliza Filo.
Nikamkatia. Ana wivu tangu utoto.

Jumatano, 6 Agosti
Asubuhi Fausti alijaribu kunieleza. Mlimba hakuna kituo, Masagati ndiyo kabisa. Nikamwambia umeme unazalishwa hapo Kidatu, jirani zetu, utakosekanaje Mlimba? Akaenda kuchomoa waya. Mtoto mtiifu sana huyu.
Tumeingia Masagati jioni. Watoto walilikimbilia gari, wakalishika shika. Filo hakutoka nje. Mama hakuliangalia. Hawezi kuinua kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Siku mbaya.
Gari limezimika kabla ya Mlimba. Limevutwa na pawatila, kitrekta cha kulimia, mpaka kwenye mashine ya kukobolea mpunga karibu na stesheni. Mwenye mashine mtu mwema, katuchomekea waya. Hata chai hatujamaliza, umeme ukakatika. Vijana wa mashine wakaanza utani.
"Mama, lijaribu kwa pumba, hapa zipo nyingi."
Fausti akainama kwenye simu, anatafuta kituo. Cha karibu kilikuwa Dar.
Kisha treni ya kwenda Ifakara ikaingia. Mama akaisikia. Akanishika mkono.
"Mwanangu, nipandishe hiyo."
Fausti alishambeba. Nikamwambia amrudishe ndani. Mama Deo na wanajumuiya wote wanatusubiri barabarani, nimeshawatangazia tunaingia na gari. Nitoke stesheni na mgonjwa mgongoni? Nikasema umeme unarudi sasa hivi. Mama akaomba tena. Nikamwambia atulie, asinitie aibu.
Mama yangu mzazi.
Akatulia. Treni ikaondoka. Usafiri mwingine mpaka kesho.

Ijumaa, 8 Agosti
Mama amefariki. Kiti cha nyuma, alfajiri. Mkanda alikuwa bado kafungwa, nilimfunga mwenyewe.
Umeme haujarudi.
Tumemleta nyumbani kwa lori la mpunga, juu ya magunia. Fausti kamshikilia njia nzima asiteleze. Nina hasira na Filo kwa sababu alikuwa sahihi.

Jumapili, 10 Agosti
Tulizika jana. Filo alifika, akawapa mkono watu wote kwenye mkeka, mimi akaniruka.
Mama Deo kaleta wali. Akauliza, taratibu, eti gari liko wapi. Nikamjibu liko Mlimba, ni gari zuri, viti vyake laini, mama kafia mahali pazuri. Nilisema hivyo mbele za watu. Wakaangalia chini. Fausti akatoka nje.

Jumanne, 12 Agosti
Fausti karudi Dar kwa basi. Kaniambia shikamoo mlangoni, basi. Hata chai hakunywa.
Nimewasha friji. Waya bado unaning'inia dirishani, sijautoa.
Mchana mwenye mashine kapiga kutoka Mlimba. Umeme umerudi. Gari limejaa chaji.
Nikamwambia asante.