Televisheni Bapa Mbele ya Kitanda cha Mwanvua

Mpendwa mshauri, amahoro. Naomba msaada wako, na naomba uniruhusu niandike nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikingoja ziishe sitaandika tena, nitakwenda kulala, na huko kulala ndiko kwenye matata yenyewe.

Mimi ni mwanamume wa makamo, kitambi ninacho, nywele zimeanza kuniaga, naitwa Aruna, nakaa upande huu wa Gitaza na mke wangu Mwanvua ndani ya gari. Usicheke. Ni gari-nyumba, yaani basi dogo lenye kitanda nyuma, meza na jiko la gesi katikati, na kibafu cha kutosha mtu mmoja mwembamba, ambaye si mimi. Lilikuwa la mzungu mmoja niliyemwendesha miaka mingi kando ya ziwa, akazeeka, akarudi kwao, akaniachia, injini ikafa hata kabla sijamaliza kujisifu, tukaliegesha juu ya mawe penye mwinuko karibu na barabara, na ziwa lilipopanda likaingia nyumba yetu mpaka madirishani ndipo tukahamia humo. Siku ile Mwanvua alitandika kitanda kwa mashuka aliyoyadarizi mwenyewe kabla ya harusi yetu, akaning'iniza pazia, akasema, "Nyumba imeenda na maji. Sasa hiki kitanda ndiyo nyumba." Mimi nikadhani ni uchovu unaongea, nikaenda kutafuta gesi.

Sasa sikiliza. Juu ya kiti cha dereva kulikuwa na televisheni ya zamani, ile ya kichogo, imekaa ndani ya sanduku la mbao lililotengenezwa kwa ajili yake. Watu wote ndani yake walikuwa kijani, na sauti haikuja mpaka uipige kofi, lakini tulizoea, tunakula ugali na ndagala, dagaa wetu wa ziwani, pale mezani tukiitazama, wawili tu, na Mwanvua ndiye aliyejua pa kuipiga. Tatizo ni mpira. Mshauri, uwanja kijani, jezi kijani, kipa kijani, nilishangilia bao tukiwa tumefungwa sisi. Nikaona hapana, nikapanda basi kwenda Bujumbura, nikarudi nimekumbatia televisheni bapa, safi, pana, nyembamba kama kibao cha kukatia vitunguu.

Haikuingia. Lile sanduku lina kina kama kisima na mdomo mdogo, na televisheni bapa haitaki kina, inataka upana. Nilikuwa nimepima kwa jicho, jicho lile lile ninalopimia suruali. Nikatafuta ukuta mwingine, lakini gari lenyewe huku dirisha, huku kabati, huku bati limepinda, ukuta ulionyooka ni mmoja tu, ubao wa kibafu, unaotazamana na kitanda. Nikatoboa, nikafunga. Skrubu zilikuwa ndefu kidogo, zikatokea upande wa pili, mahali Mwanvua anapotundika gauni lake la Idi, likachanika begani. Kidogo tu. Kile kichogo nikakiweka chini ya gari, na kuku mmoja amekipenda.

Sasa ukitaka kutazama lazima ukae kitandani, hakuna pengine. Kwa mimi na mke wangu hilo si neno. Lakini unajua mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, ndagala hazifuati taa kukiwa na mwanga, basi wavuvi wako bure, na habari ya televisheni yangu ilikwisha fika ufukweni kabla sijafunga skrubu ya mwisho. Wakaja. Wakapiga hodi kwa adabu kabisa, "Hodi mzee Aruna!" Ningesema nini? Nilisema karibuni, wakauliza tukae wapi, nikatazama huku na huku, nikasema, basi, hapo.

Na usiniambie ningewafukuza. Hao ndio walioleta mitumbwi yao mpaka mlangoni kwangu maji yalipoingia. Venanti, jirani yangu, aliyekulia Kigoma akarudi na familia yake, alilibeba godoro hilo hilo kichwani, maji kifuani, halikulowa hata pembe. Mutu wa namna hiyo unamwambia ondoka juu ya godoro?

Jumamosi moja Mwanvua alirudi kutoka soko la Rumonge, huwa anauza mawese, akatukuta. Nakiri kulikuwa na mahindi ya kuchoma. Nakiri kulikuwa na miguu. Venanti alikuwa amejilaza, kichwa juu ya mto wa mke wangu.

"Amahoro, shemeji Venanti," Mwanvua akasema, sauti laini. "Usiamke. Mto iko sawa? Nikuletee wa pili?"

Na Venanti, Mungu amsaidie, macho kwenye mpira, akajibu, "Ahsante shemeji, mmoja unatosha."

Nilicheka. Hilo nalo nakiri. Kumbe nilicheka peke yangu.

Tangu siku ile amenianzishia vituko. Akitoka sokoni haingii, anasimama nje na kapu lake, anapiga hodi. Kwake mwenyewe! Anangoja mpaka aitikiwe. Siku moja mimi nilikuwa nimezama kwenye kona iliyopigwa, sikusikia, akapiga mara nyingine, akaitikia Venanti: "Karibu, shemeji, jisikie nyumbani!" Mwanvua akaingia, akachukua mkeka na shuka moja, akaenda mbele, akakaa kwenye kiti cha dereva, akavuta pazia. Hajarudi kitandani. Analala humo, ameegemea usukani, mwanamke wa heshima.

Hayo ningevumilia. Ninayoshindwa kuyavumilia ni haya: swichi ya bateri ya taa na televisheni iko chini ya kiti cha dereva. Unanielewa? Juzi iko penalti, dakika za mwisho, mpigaji ameshaweka mpira, amerudi nyuma, anavuta pumzi, na sisi tumevuta pamoja naye, mara tik, giza. Televisheni kimya, taa kimya. Halafu kutoka mbele ikalia honi, piiii, ndefu, ile honi nilidhani ilikufa na injini.

"Bibi!" nikapiga kelele. "Iko penalti!"

"Na mimi iko usingizi," akasema nyuma ya pazia. "Nasikia mwenye gari amelala ndani, nilikuwa naulizia kama naweza kushuka."

Mpaka leo hatujui kama bao liliingia. Venanti amenuna, wenzake wamenuna, na mimi ndiye ninayesalimiwa kwa kidevu ufukweni. Nikamwambia Mwanvua, mke wangu, nitakununulia mashuka mapya. Akasema, "Kwanza ninunulie ziwa lirudi nyuma." Sasa ametoa neno lake la mwisho: mwezi mkubwa ujao ukimkuta, na televisheni bado iko mbele ya kitanda, atapanda basi kwenda Nyanza-Lac kwa dada yake, hatachukua kitu ila mashuka aliyodarizi, na hatarudi. Mwanvua hasemi maneno akayarudia.

Mshauri, mimi si mtu mbaya. Sinywi, sipigi, nilitaka tu kuona kipa akiwa na rangi yake. Nimeleta kitu kizuri nyumbani na nimegeuzwa mkosaji. Niambie, nimtoeje mke wangu kwenye kiti cha dereva?

Aruna, Gitaza

*

Aruna, amahoro nawe.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza nilicheka mpaka nikamwaga chai. Ya pili sikucheka, na ninakujibu kwa ile ya pili.

Unauliza umtoeje mkeo kwenye kiti cha dereva. Mbona huulizi nani alimtoa kitandani?

Mwanamke huyu maji yalimchukulia nyumba. Akatazama gari bovu juu ya mawe, akachagua pembe moja, akaitandika kwa kazi ya mikono yake ya usichana, akavuta pazia, akakuambia waziwazi: hii ndiyo nyumba. Wewe ukaenda kutafuta gesi! Ile pembe ndiyo mahali pekee duniani anapovua kitambaa cha kichwa bila kutazama nyuma. Na wewe ukawapa wanaume wa ufukwe mzima wapanguse humo vidole vya mahindi. Halafu unashangaa honi.

Wavuvi sina ugomvi nao. Walipiga hodi, wakakaribishwa, wakauliza wakae wapi, wakakaa walipoonyeshwa. Hata Venanti na mto wake namsamehe, mtu anayelala alipoonyeshwa hana kosa. Unasema huwezi kumwambia kwa sababu alilibeba godoro kichwani. Alilibeba ili wewe na mkeo mpate pa kulala, Aruna, hakulibeba ili aje alilalie. Aliyesimama maji yakiwa kifuani kwa ajili ya nyumba yako atakuwa wa kwanza kuelewa ukimwambia, "Ndugu yangu, hapa ni chumba cha mke wangu, nilikosea kukukalisha." Maneno hayo ni machache. Uliona haya kuyasema, na hizo haya zako ukazifunga mzigo, ukamtwika Mwanvua, naye siku zote hizi amezilalia juu ya usukani.

Sasa chukua bisibisi.

Kesho asubuhi, kukiwa na mwanga, ifungue hiyo televisheni kwenye ubao wa kibafu. Umenieleza kuta zote za ndani, dirisha huku, bati limepinda kule. Gari lako halina upande wa nje? Piga vyuma viwili vya kutundikia nje, kando ya mlango, tandaza turubai juu, pitisha waya dirishani. Kukiwa na mechi, itundike. Mechi ikiisha, ifunge kwenye blanketi uiingize chini ya meza. Wavuvi wako wana mikeka, wana ndoo za kugeuza, na wana ufukwe mzima wa kuweka miguu yao. Utaendelea kuwa mzee Aruna mwenye televisheni, na hakuna atakayekusalimu kwa kidevu.

Kile kichogo mwombe kuku akurudishie. Kifute, kirudishe sandukuni kwake, maana sanduku hilo halikuwahi kuwa na kosa lolote. Kikiwaka, kaeni mezani mle mkiwatazama watu wa kijani, wawili tu kama zamani. Kisipowaka, mwache Mwanvua akipige, umesema mwenyewe ndiye anayejua pa kupiga.

Gauni la Idi usimpe mtu akupelekee kwa fundi. Lipeleke wewe, ulibebe mkononi, upite nalo sokoni, na ukiulizwa limechanwa na nini, sema. Mashuka nayo utayafua wewe. Si ndani ya gari kwenye ndoo, hapana. Nenda nayo ziwani saa wanayoanika ndagala, uyafue mbele ya wote walioyakalia. Watakutania. Venanti atakuuliza kama sabuni inatosha. Mjibu kama yeye alivyojibu habari za mto.

Swichi iache pale pale chini ya kiti. Usiihamishe. Katika gari hilo kila mwenye haki awe na kitu chake cha kuzima, na wewe umeonyesha kwamba vingine vyote unavizima kwa kutosikia.

Basi jioni, kitanda kikiwa kimetandikwa na mikono yako, hata kama umetandika vibaya, na najua utatandika vibaya, usiende mbele ukavuta lile pazia, usimshike mkono, na usianze kueleza habari za penalti. Toka nje. Zunguka mpaka mlango wa dereva, simama chini kama anavyosimama yeye na kapu lake, upige hodi. Akikaa kimya, piga tena. Akiendelea kukaa kimya, ngoja hapo hapo nje, na miguu ikichoka ujue yeye alisimama akangoja, na aliyemkaribisha kwake alikuwa Venanti.

Ukiingia, ingia kwa sababu amesema karibu.

Bi Kaoutar, Rumonge