Kamera Inamtaka Mjomba Asimame

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Marahaba yako nimeshaipokea kabla hujafungua bahasha, maana najua huninyimi. Goti linaendeleaje? Na mikorosho ya nyuma ya nyumba mmeshaipalilia, au mnamsubiri Zuhura apate nafasi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Samaki wa ziwa la huku Mwanza nimeshawazoea, ingawa hawana ladha ya kwetu.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti ya juu, Kinjumbi nzima inasikiliza. Hili linamhusu mdogo wako, Mjomba Bakari, aliyenileta huku na kuniombea kazi hapa chuoni anapofundisha.

Unakumbuka nilikwambia nimepewa kazi ya kuchagua mfumo wa kurekodi masomo, ili wanafunzi walio mbali wayaone kwenye simu zao? Tuliletewa miwili tuijaribu. Wa kwanza kamera yake imetulia tu, lazima mtu akae nyuma aigeuze. Wa pili kamera inamfuata mwalimu yenyewe. Mama, nilitamba! Nilipita mbele ya darasa huku na huku, kamera inanifuata kama paka aliyenusa dagaa. Nikaandika kwamba huo ndio unaofaa, nikatia saini. Sikumkumbuka mtu anayefundisha akiwa amekaa.

Mjomba, tangu kiharusi kile, anafundisha kitini, na mwanafunzi mmoja anamwandikia ubaoni. Siku ya kwanza ya kamera alipoingia, darasa zima lilisimama kumwamkia, kama ilivyo ada. Kamera ikamwacha, ikawashika wanafunzi. Walipokaa, ikamganda yule wa ubaoni kipindi kizima. Mjomba akabaki sauti tu. Wanafunzi wa mbali wakalalamika kwamba hawamwoni mwalimu wao, na mkuu wa chuo akasema somo atapewa mtu anayeonekana.

Nilihangaika, Mama. Fundi aliyeifunga alisema ndivyo ilivyotengenezwa, inamfuata anayetembea. Nikauzima ufuataji wake, nikawa najibanza nyuma ya darasa naigeuza kwa mkono. Baada ya wiki mbili hivi, mkuu akanikuta.

"Salum, si wewe uliyetuandikia kwamba hii haihitaji mtu?"

Nikakiri kwamba nilikosea kuchagua. Akasema imeshafungwa madarasa yote, haing'olewi.

Basi Jumatatu Mjomba akasimama. Alifundisha kipindi chote akitembea, mkono mmoja mezani, mguu anauburuta, na kamera ikamfuata vizuri kabisa. Mkuu alifurahi, akasema kumbe mzee anaweza. Mjomba alipotoka, shati limelowa jasho, nikampa pole.

"Pole ya nini?" akasema. "Nikikaa, watasema mpwa wangu kawanunulia kitu kibovu. Na dada usimwambie."

Jana kasimama tena. Nilimwona anashuka ngazi ameshika ukuta, nikageuka nisimwaibishe. Naona haya, Mama, na naogopa. Kila nikifungua mdomo nimsihi apumzike, ananitania kwamba nimekuwa daktari. Sijui nifanye nini.

Nisalimie Zuhura, mwambie kaka yake anamkumbuka. Msalimie na Baba Mdogo Hamisi wa dukani, na Bibi Mwanahawa aliyenifundisha kusoma Kurani, aniombee dua.

Sasa lile la kukuomba. Mimi kwake ni mtoto, siwezi kumwamrisha. Wewe ndiye dada yake mkubwa, na neno lako sijaona akilivuka. Mpigie, Mama, na safari hii simu usiiweke sauti ya juu. Mwambie akae. Mwambie akae hata kama kwa kukaa kwake kazi itaondoka, yake au yangu.

Mwanao niliyeshindwa,
Salum