Kofia Uliyonirudishia Mnyuzi

Shemeji yangu Athumani,

Kwa heshima zote nakusalimu huko ulikolala Handeni, na naomba radhi kwamba tangu tukuzike sijakuandikia hata mstari. Ingefaa barua ya kwanza iwe ya amani. Nina hasira, shemeji.

Unaikumbuka ile filamu yetu ya kuchekesha, isiyo na sauti, tuliyoipiga ujanani kwa kamera ya misheni? Niliipeleka kwa fundi wa picha Korogwe aihamishie kwenye kompyuta, nikamruhusu aiweke mtandaoni ili wajukuu waliotawanyika waione. Ameiweka. Ameipa jina "Mlevi wa Mnyuzi".

Mlevi! Wewe, ambaye hata togwa ulikuwa unainusa kwanza! Ulikuwa unaniiga mimi nikitoka ibadani: kofia yangu kichwani, macho yamezama kwenye kitabu cha nyimbo, hadi ukatumbukia mtaroni kando ya reli. Nani mwenye haki ya kunicheka kama si shemeji yangu? Sasa watu wasiotujua wanaandika chini yake: "Babu kalewa chakari." "Pombe si maji."

Nilimfuata fundi. "Shikamoo mzee," akasema, "mbona watu wanafurahi?" Sikuitikia; hilo nalo naliombea radhi. Nilimuuliza ni nani aliyewapa ruhusa ya kukutukana. Akajibu, "Sasa mzee, ningejuaje? Filamu yenyewe imeishia mtaroni."

Nikatoka dukani kwake. Imeishia mtaroni kwa sababu mkanda wa pili niliuficha mimi. Ndimo ninamotokea nikakuvuta, nawe ukaikung'uta kofia, ukanirudishia kwa mikono miwili. Na dada yako, marehemu mke wangu, anakuja na kanga kukufuta tope, anacheka mpaka anakaa chini. Sina picha nyingine anamocheka. Sikutaka macho ya mtu mwingine yamguse. Kwa uchoyo wangu nimekuacha kwenye tope, unazomewa.

Ulikuwa ukisema: "Shemeji, utani usiorudisha kofia ni matusi."

Kesho nashuka Korogwe na mkanda huo, nimeufunga kwa kanga yake ile ile. Nitaketi dukani mpaka fundi aunganishe mwisho na jina lile lifutwe. Wamwone dada yako. Nakuahidi.

Pumzika, shemeji. Barua hii ataibeba binti yako Mwanahamisi hadi kaburini kwako. Nimemwomba aisome kwa sauti, hasa pale niliposema hukuwa mlevi.

Wako, Yohana wa Lutindi